Uhariri wa Video kwa Programu Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Uhariri wa video, yaani kazi ya kuchagua vipande vilivyorekodiwa, kuvipunguza na kuviunganisha ili vitoe masimulizi yanayofuatika, ulianza kuzoeleka majumbani baada ya mwaka 1999, Apple ilipotoa iMovie pamoja na kompyuta ya iMac DV, na mwaka uliofuata Microsoft ikaiweka Movie Maker ndani ya Windows Me. Leo iMovie ingalimo katika kompyuta za Mac, ilhali Windows 11 huja na Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021.

Kinachowatatiza wengi wanaoanza si vitufe, bali dhana kwamba programu hizi huikata video yenyewe. Mhariri anapoburuta kipande hadi kwenye mstari wa muda, yaani ule ukanda wa chini ya skrini unaoonyesha video tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akazipunguza ncha zake, kinachoandikwa ni maelekezo tu: faili hili lianze sekunde ya 12, liishie ya 19, kisha lifuate lile. Ndiyo maana sekunde zilizoondolewa hurudi pindi ncha ile inapovutwa tena; na ndiyo maana pia anayeihamisha video asilia kwenda folda nyingine kabla ya kumaliza kazi huikuta Clipchamp ikimtaka aionyeshe ilipo. iMovie huepuka usumbufu huo kwa kunakili kila inachopokea katika maktaba yake, ingawa gharama yake ni diski kujaa upesi.

Sehemu yenye manufaa makubwa zaidi, na inayopuuzwa mno, ni sauti. Katika video ya harusi, mzee anayetoa nasaha kwa dakika kadhaa huchosha akionyeshwa peke yake, lakini akikatwa ovyo maneno yake hupoteza maana. Mhariri huitenga sauti na picha, akaiacha iendelee kwenye mstari wake, huku juu yake akipanga picha za maharusi, za akina mama wanaotikisa vichwa, kisha za mzee tena. Mtazamaji husikia hotuba moja isiyo na mshono, hata kama katikati yake kimeondolewa kikohozi au jina lililotajwa kimakosa. Muziki wa chini nao hushushwa mtu anapozungumza. Ama mapambo ya kupitisha picha moja hadi nyingine, yale ya kuzungusha na kupasua, kwa kawaida hayana faida. Mkato wa moja kwa moja hutosha.

Hatua ya mwisho ni kutoa faili moja linalochezeka popote, kwa kawaida la aina ya MP4, nayo huchukua muda kwa kuwa hapo ndipo maelekezo yote yanapotekelezwa. Fremu moja, yaani picha moja tuli, yenye nukta 1920 kwa 1080 huhitaji takribani megabaiti 6 isipobanwa, na kwa fremu 25 kila sekunde jumla hupita megabaiti 150. Kompyuta hulazimika kuibana video kwa kuhifadhi zaidi mabadiliko ya fremu hadi fremu. WhatsApp huibana tena video inayotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo anayetaka ubora ubaki huituma kama hati.