Mtoto Kwenye Boksi, Shangazi Kwenye Simu

Nilituma picha moja tu kwenye kundi la ukoo. Mtoto kalala, kavaa kofia, mashavu yametuna, na mimi nikakaa kusubiri mashaallah zangu. Shangazi wa Muheza ndiye aliyefungua dimba: "Mbona mtoto wa watu mmemlaza kwenye boksi?" Mjomba akauliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama baba watoto bado yuko kazini. Binamu yangu mmoja, ambaye madeni yake yanajulikana mtaa mzima, akatangaza mchango wa kitanda na kuweka namba ya kutumia pesa. Na kuna waliochanga! Nikatuma picha ya pili kuonyesha vitu vyote vilivyokuja na hilo boksi, nikidhani nazima moto, kumbe pembeni ya picha pakiti ya kondomu inaonekana wazi kabisa. Mama mkwe akatoka kwenye kundi.

Basi naandika mara moja, kwa kirefu, ili siku nyingine nikiulizwa nitume makala badala ya kujieleza upya.

Boksi hilo ni la serikali. Hapa Ufini mama mkazi wa nchi akifikisha siku 154 za ujauzito ana haki nalo, mradi awe amepimwa kliniki au kwa daktari kabla ya mwezi wa nne kwisha. Linatolewa na Kela, shirika la hifadhi ya jamii, na linaletwa posta kama kifurushi kingine chochote. Ndani kuna nguo za mtoto za kubana na za kulegea, soksi, kofia za pamba na za sufu, ovaroli ya baridi, mfuko wa kulalia, shuka, taulo, kipimajoto, mkasi wa kucha, brashi ya nywele (laini mno, kwa nywele za mwanangu haikufua dafu), kitabu cha picha, pedi za kuzuia maziwa kulowesha blauzi ya mama, na kondomu, ndiyo, kwa sababu wakunga wa huku wanaona habari ya uzazi wa mpango ianze mapema, kabla hujajikuta umeshashika nyingine. Chini kabisa kuna godoro lililokatwa kwa vipimo vya boksi. Ukishatoa vitu vyote, boksi lenyewe ndilo kitanda cha miezi ya mwanzo.

Wazazi wa mapacha hupata maboksi matatu. Wa watoto watatu kwa mpigo hupata sita. Hesabu hiyo ilinishinda mpaka nilipoona mapacha wa jirani wakichafua nguo kwa zamu.

Asiyetaka boksi huchukua euro 170 taslimu. Wengi, kwa mtoto wa kwanza hasa, huchagua boksi, kwa sababu nenda dukani na euro 170 zako ujaribu kutoka na ovaroli, mfuko wa kulalia na godoro, halafu zibaki za soksi. Kwa hiyo, mjomba, usiseme ni msaada wa wenye dhiki. Binti wa mwenye kampuni analipokea, na mimi ninayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea nalipokea lile lile, lenye michoro ile ile. Mwaka 2013 Wafini walimpelekea hata Kate wa Uingereza, alipokuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Kama boksi lilifaa kupelekwa kwenye nyumba ya kifalme, nadhani kwenye ghorofa yetu ya Vantaa halijatudhalilisha.

Ila mwanzo wake, kweli, ulikuwa dhiki. Watu wakisikia Ufini wanafikiri nchi ilizaliwa na barabara zake na shule zake. Miaka ya 1930 ilikuwa nchi ya wakulima, maskini, na kati ya kila watoto 1000 waliozaliwa, 65 hivi hawakufikisha mwaka. Sheria ikapitishwa mwaka 1937, na mwaka 1938 misaada ya kwanza ikatoka, kwa akina mama wa kipato cha chini tu. Wakati huo ndani kulikuwa na vitambaa, maana mama alitegemewa kushona mwenyewe. Vita vilipokuja, vitambaa vikaenda jeshini, na baadhi ya vitu vya kulalia vya mtoto vikatengenezwa kwa karatasi. Hebu fikiri, shuka la karatasi, mtoto mchanga, Januari. Mwaka 1949 haki hiyo ikafunguliwa kwa kila mama, tajiri na maskini. Mwaka 1957 vitambaa vya kushona vikaondolewa, zikawekwa nguo zilizoshonwa tayari. Mwaka 1969 pampasi zikaingia, na mwaka 2006 nepi za kitambaa zikarudi, chupa ya maziwa ikatolewa ili akina mama wanyonyeshe. Ukiyapanga maboksi hayo kwa miaka unaisoma nchi ilivyokuwa ikitajirika na ilivyokuwa ikibadili mawazo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo shangazi hakuniachia nafasi nilieleze. Boksi ni chambo. Ukitaka boksi sharti upite kliniki, na kliniki ndiyo iliyokuwa ikitafutwa tangu mwanzo. Ulipofunguliwa mlango kwa wote mwaka 1949, wilaya zilikuwa tayari zimeshalazimishwa na sheria ya 1944 kuwa na kliniki za wajawazito na watoto. Mama anakwenda kwa sababu ya shuka na soksi, akifika anapimwa presha, anapimwa damu, anaulizwa anaendeleaje na mumewe. Leo vifo vya watoto chini ya mwaka ni kama 2 kwa kila 1000. Wageni wanaokuja kuandika habari za boksi hupenda kusema ni kadibodi iliyoponya watoto. Kadibodi haijaponya mtu. Zimeponya kliniki, dawa, chanjo, maji safi na mama kuacha njaa, na boksi kazi yake ni kukufikisha mlangoni. Scotland waliiga mwaka 2017 wakaanza kumpa kila mtoto lake, na wengine wameiga kwa kuuza maboksi matupu mtandaoni bila kliniki, yaani wameuza chambo bila ndoana.

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu, kwa sababu sisi tumefanya vile vile. Mmesahau Hati Punguzo? Kuanzia mwaka 2004 mjamzito akienda kliniki Tanzania alipewa hati, anakwenda nayo dukani, anaongeza pesa kidogo, anaondoka na chandarua chenye dawa. Baadaye nyongeza yenyewe ikawa shilingi 500 tu. Wake za wanao, shangazi, walizipata, na mmoja alikuja kuniazima mia tano yenyewe. Hakuna aliyeanzisha mchango kwa kuona aibu ya chandarua cha serikali.

Ya kwetu mengine sitayaeleza. Kanga, mbeleko, beseni, mtori, arobaini, mnayajua kuliko mimi.

Nitakalolieleza ni la kigari, kwa sababu picha ya kigari ndiyo iliyofanya nipigiwe simu usiku. Kigari kiko kwenye baraza, theluji imejaa kwenye uzio, na mtoto yumo ndani amelala. Shangazi aliona theluji, hakuona mengine. Mengine ni haya: mtoto ana nguo ya sufu mwilini, juu yake nguo nyingine, juu yake ovaroli, yote yamo ndani ya mfuko wa kulalia wa manyoya, na kwenye kigari kuna kifaa cha kusikilizia ambacho akikohoa tu nasikia jikoni. Huku watoto hulala usingizi wa mchana nje. Karibu wote. Kliniki wanakuambia unaweza kuanza mtoto akiwa na wiki kadhaa, na kwamba baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri umrudishe ndani. Muuguzi wangu aliniambia hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kusema habari za kunyonyesha.

Jambo hili la kulala nje lina baba yake, Arvo Ylppö, daktari wa watoto ambaye karne iliyopita alizunguka akihubiri kliniki, usafi na hewa safi. Enzi zile matege yalikuwa mengi, nyumba zilikuwa na moshi na watu wamejazana, na mtoto kutolewa nje kwenye mwanga lilikuwa jambo la maana. Yeye mwenyewe aliishi miaka 104, na hoja hiyo nawaachia wenye la kusema. Siku hizi matege yanazuiwa kwa matone ya vitamini D, maikrogramu 10 kila siku tangu mtoto akiwa na wiki mbili, kiangazi na masika, na kwa watoto wetu weusi muuguzi hulikazia mara mbili. Ukiniuliza kifaa kimoja cha lazima cha mwaka wa kwanza katika nchi hii, nitakuonyesha hicho kichupa cha matone. Lakini mazoea ya kulala nje yalibaki, kwa sababu watoto hulala kweli. Wangu ndani ya nyumba anasinzia kama mlinzi wa zamu. Nje anazima.

Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark, ambako wana mazoea haya haya, alimwacha mwanawe kwenye kigari nje ya mgahawa New York huku yeye akila ndani, akakamatwa na polisi. Nilipoisimulia kwenye kundi, mjomba akasema Wamarekani wana akili.

Halafu kuna basi. Katika mabasi, tramu na treni za eneo la Helsinki, mtu mzima anayesukuma mtoto kwenye kigari hapandi kwa nauli. Unaingia kwa mlango wa kati, hulipi, hata kama kigari kimejaa viazi na mtoto yuko pembeni ya viazi. Sababu ni ya busara, kwamba usimwache mtoto mlangoni ukaenda kulipa mbele kwa dereva. Lakini mtoto huyo huyo ukimfunga mgongoni kwa mbeleko, mikono yako mitupu, umeshika vyuma vizuri, huna kigari kinachoziba njia, unalipa. Hapa ndipo ninapochoka nao, kusema kweli. Nchi nzima imejengwa kwa kuamini mtoto ni kitu cha kusukumwa. Kila jengo lina chumba cha vigari, kila basi lina nafasi ya vigari, kila mama ana kigari cha baridi na kigari cha kiangazi, na kigari kizuri hapa bei yake inanunua bodaboda kule kwetu, ya mtumba lakini inayotembea. Nami nimekinunua. Nimekinunua kwa sababu hakuna wa kunipokea mtoto. Muheza ningekuwa na wifi, na mdogo wangu, na yule mtoto wa jirani anayekuja bila kuitwa na kuondoka na mtoto wako mpaka magharibi. Hapa jirani tumekaa ukuta mmoja, ananisalimu kwenye lifti kama ameshurutishwa, na akiona mtoto analia anatazama viatu vyake.

Ningependa niendelee na kiti cha gari, ambacho huku kinatazama nyuma kwa miaka, na habari ya kutomfunga mtoto na ovaroli nene ndani yake kwa sababu mkanda hautashika. Lakini binti yangu mkubwa amekuja hapa ninapoandika, na yeye ndiye mwenye boksi la kwanza humu ndani.

Lake ni la michoro ya mwaka wake. Maana michoro na rangi hubadilika, na wazazi wa huku hutambua kwa ovaroli tu mtoto ni wa mwaka gani. Jambo zuri, isipokuwa kwenye chekechea, ambako baridi ikianza watoto wa rika moja wanavaa nguo pacha. Kuna jioni alirudi na ovaroli ya mvulana fulani. Ilikuwa na mfuko umejaa mawe, na alikataa katakata kuirudisha, si kwa ajili ya ovaroli, kwa ajili ya mawe. Tulijadiliana mlangoni na mama wa mvulana, yeye kwa Kifini cha polepole na mimi kwa Kifini changu, na watoto wakagawana mawe wenyewe kabla hatujafikia popote.

Boksi lake alikataa pia kulitoa. Tulipompatia mdogo wake boksi jipya, la kwake likahamia katikati ya sebule na limekuwa duka, limekuwa sauna, limekuwa kliniki ambako anapima wanasesere na kuwaambia wote kwa sauti ya muuguzi wetu kwamba kila kitu kiko sawa, tuonane mwezi ujao. Baba yake alitaka kupimwa presha, akaambiwa hana miadi.

Siku hizi limekuwa basi. Limekatwa mlango ubavuni kwa mkasi wa jikoni, na sheria zinafuatwa. Mwanasesere aliye kwenye kigari anapita bure kwa mlango wa kati. Mimi nikimfunga mdogo wake mgongoni nadaiwa nauli, nalipa kwa karanga, na anahesabu. Baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wala karanga, ameshushwa kituo cha pili na kuambiwa atembee.