Tunapouita unene afya, njaa ya zinki hujificha

Neno afya tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao lilimaanisha uzima na kuepukana na maradhi. Lilipofika kwetu tuliliongezea maana nyingine ambayo kila Mkenya anaifahamu. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, watu husema amepata afya. Mtoto akiwa na mashavu yaliyojaa na mapaja yenye mikunjo, wageni humpongeza mama yake kwa kujaliwa mtoto mwenye afya. Kwa upande wa pili, kitenzi kudhoofika hubeba mambo mawili kwa mkupuo mmoja, yaani kukonda na kuishiwa nguvu, kana kwamba moja haliwezi kuja bila jingine.

Mimi ni daktari wa isimu wala si wa tiba, na ninamwomba msomaji asije akaniletea dalili za ugonjwa wake. Hata hivyo, kuna mahali ambapo fani yangu na fani ya waganga hukutana. Mzazi hampeleki mtoto hospitalini kwa sababu ya namba zilizo kwenye mizani. Humpeleka kwa sababu ya neno analolitumia kichwani mwake kumwelezea mtoto huyo. Neno hilo likiwa afya, atabaki nyumbani.

Katika ukoo wetu kuna mvulana mmoja wa miaka tisa anayesoma shule ya kibinafsi jijini Nairobi. Kwa muda wa mwaka mzima mama yake alikuwa akimsugua shingo kwa dodoki na sabuni, maana ngozi ya hapo ilikuwa imegeuka nyeusi na nzito, na mama aliamini kwamba kijana haogi vizuri. Weusi huo haukutoka. Nyanya yake alipomwona aking'ang'ana naye bafuni alimwambia, "Mwache mume wangu, mwanangu. Mtoto ana afya yake, wewe wamtafutia uchafu." Alipopelekwa kliniki kwa sababu ya kikohozi, mhudumu aliitazama shingo kabla ya kifua, akamwambia mama kwamba dodoki haliwezi kuondoa alama ile. Ngozi ya shingo na makwapa ikifanya vile kwa mtoto mnene, mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeanza kuwa mgumu wa kuitikia insulini, ile homoni inayotolewa na kongosho ili kuiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika seli. Kongosho huongeza insulini, seli hukaidi, nalo huongeza tena. Mtoto anaweza kuishi hivyo kwa miaka bila kulalamika, akicheka na kula, huku akitembea polepole kuelekea kisukari, shinikizo la damu na mafuta katika ini.

Hapo ndipo madini ya zinki yanapoingia. Wengi wetu tunayajua kwa mabati, kwa kuwa bati la nyumba hupakwa zinki lisishike kutu. Ni wachache wanaojua kwamba insulini yenyewe huhifadhiwa ndani ya kongosho kwa msaada wa madini hayo hayo: molekuli sita za insulini hukusanyika na kushikamana kuzizunguka atomi mbili za zinki, mithili ya wana wanaozunguka kigoda cha babu. Mwaka 1934 mtafiti D. A. Scott, huko Toronto, alionyesha kwamba insulini haigandi kuwa fuwele barabara mpaka zinki iwepo, na mwaka 1969 Dorothy Hodgkin na wenzake wa Oxford walichora umbo lake kamili. Mwaka 2007 wachunguzi wa jeni waligundua kwamba tofauti ndogo katika jeni ya protini inayoingiza zinki kwenye vifuko vya insulini huambatana na hatari ya kisukari cha ukubwani. Zinki pia huisaidia insulini kufanya kazi ikishafika kwenye misuli, tena ni mojawapo ya nguzo za kinga ya mwili, ukuaji na kupona kwa vidonda.

Sasa, watafiti katika nchi mbalimbali, Brazil ikiwa mojawapo, wamepima damu ya watoto wanene na mara nyingi wameikuta zinki yao ikiwa chini kuliko ya wenzao wa uzani wa kawaida. Mtoto aliyeshiba mpaka akavimba, kumbe ana upungufu! Kwa sikio lililozoea Kiswahili chetu, sentensi hiyo inajipinga. Utapiamlo, jinsi tunavyolitumia neno hilo redioni na darasani, una picha moja tu: mbavu zinazohesabika na macho yaliyozama.

Picha hiyo ilitudanganya hata zamani. Kwashakoo, jina ambalo Cicely Williams alilitoa katika lugha ya Kiga ya Ghana na kulitangaza kwa matabibu mwaka 1935, ni ugonjwa wa njaa ambao mgonjwa wake huvimba miguu na mashavu. Mtu asiyejua angedhani mtoto yule ananenepa. Na upungufu wa zinki wenyewe uligunduliwa miongoni mwa watu ambao hawakulala njaa. Mnamo 1958 daktari Ananda Prasad, akiwa Shiraz nchini Iran, alionyeshwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa na umbo la mtoto wa miaka kumi, asiye na dalili yoyote ya kubaleghe. Kijana huyo alikuwa akila mkate kwa wingi, mkate wa ngano isiyokobolewa wala kutiwa hamira, na pamoja nao alikuwa akila udongo. Tumbo lilikuwa limejaa. Uchunguzi uliofuata nchini Misri, uliochapishwa mwaka 1963, ulithibitisha kwamba vijana wa namna hiyo walikosa zinki.

Mkate ule una jambo la kutufunza sisi wala ugali. Nafaka na kunde zina zinki, ila pia zina kitu kinachoitwa fitati, ambacho huikamata zinki tumboni na kutoka nayo nje kabla mwili haujafaidi. Nyama, maini, samaki na dagaa hazina kizuizi hicho. Ndiyo maana mtu anaweza kushiba ugali na maharagwe mwaka mzima na bado akapungukiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubishi uliofanywa Kenya mwaka 2011 uliwakuta watoto wadogo takriban wanane kati ya kumi wakiwa na zinki pungufu. Tangu mwaka 2012 sheria huwalazimu wasagaji wakubwa kutia zinki na virutubishi vingine katika unga wa mahindi na wa ngano. Hata hivyo, unga unaosagwa kwenye vinu vya posho vya mitaani, ambao familia nyingi huutegemea, haupati nyongeza hiyo.

Mtoto mnene wa mjini naye ana njia yake ya kufikia upungufu. Chipsi, mandazi, biskuti na soda humpa nguvu nyingi na zinki kidogo mno. Omena, ambayo ingemfaa, imekuwa chakula cha kuonewa haya, kiasi kwamba mzazi aliyelelewa kwayo haipiki mbele ya wageni. Uji wa wimbi uliochachishwa, ambao mama zetu waliupika bila kujua kwamba kuchacha huivunja fitati na kuifungulia zinki, umepokonywa nafasi na unga wa pakiti wenye sukari. Utafiti uliofanywa kati ya 2011 na 2013 katika nchi 12, ambao kwa Nairobi ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Kenyatta, uliwakuta watoto wa miaka 9 hadi 11 jijini wakiwa na uzani uliozidi kiasi kwa karibu mmoja kati ya watano. Wengi wao walitoka katika nyumba zenye uwezo. Katika taifa lilo hilo, uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Magonjwa haya mawili tumezoea kuyaweka pande mbili za mizani, moja la maskini na jingine la tajiri, ilhali zinki ni mahali yanapogusana.

Ni lazima nitie breki hapa, kwa kuwa najua jinsi habari za namna hii zinavyosafiri. Zinki iliyo chini katika damu ya mtoto mnene haithibitishi kwamba ukosefu wa zinki ndio uliomnenepesha. Mafuta yakizidi, mwili huwa kama ulio na jeraha lisilopona, na katika hali hiyo ini huivuta zinki kutoka kwenye damu na kuificha. Yaani unene wenyewe waweza kuishusha zinki, nayo zinki ikishashuka ikazidisha ukaidi wa seli dhidi ya insulini. Ni mduara, na wataalamu wangali wanabishana kuhusu mahali unapoanzia.

Jaribio linalotajwa mara nyingi lilifanywa Isfahan, Iran, na kuchapishwa mwaka 2010. Roya Kelishadi na wenzake waliwapa watoto 60 wanene, wenye umri wa miaka 6 hadi 10, miligramu 20 za zinki kila siku kwa wiki nane, na kwa wiki nyingine nane wakawapa vidonge visivyo na dawa. Katika kipindi cha zinki, sukari na insulini ya asubuhi kabla ya kula zilipungua, na ukaidi wa seli ukalegea. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watoto 60 na wiki nane ni ushahidi mdogo, tena walisimamiwa na madaktari. Vidonge vya zinki vinapatikana kwa urahisi hapa kwetu kwa sababu tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza mtoto anayeharisha apewe kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvi na sukari. Hiyo ni dawa ya siku chache. Mzazi atakayempa mtoto vidonge hivyo miezi nenda miezi rudi ili apungue tumbo atamdhuru, kwani zinki ikizidi huizuia shaba isifyonzwe, na mtoto akapungukiwa damu. Kiwango cha juu ambacho wataalamu wa Marekani walikiweka mwaka 2001 ni miligramu 12 kwa siku kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8, na miligramu 23 kwa wa miaka 9 hadi 13, chakula na vidonge vikijumlishwa.

Kwa hivyo sipigi debe la vidonge. Kloweke maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji yake, kurudisha uji mchachu na omena mezani, kumwacha mtoto atembee badala ya kumbeba kwa gari hadi kila mahali: hayo hayahitaji cheti cha daktari, na humfaa mtoto mnene na mwembamba kwa pamoja. Wala sitetei kumwaibisha mtoto. Neno kibonge, ambalo wenzake humtupia uwanjani, ni baya kuliko afya ya nyanya, kwa sababu humfanya ajifiche na kula kwa siri.

Linalonikera ni pengo lililopo kati ya maneno haya mawili. Kati ya sifa na tusi, Kiswahili cha nyumbani hakina neno la kawaida, lisilo na karaha, ambalo muuguzi anaweza kumwambia mama kuhusu uzani wa mwanawe akaeleweka bila mama kukasirika. Unene wa kupindukia ni maneno ya vitabuni. Jaribu kumwambia nayo mama aliyepanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Na hata neno hilo lingepatikana, sijui lingesemwa wapi. Kijitabu cha kliniki ambacho kila mama hupewa kina chati ya kumpima mtoto hadi atimize miaka mitano. Akishatimiza, kijitabu huwekwa kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mvulana wa miaka tisa mwenye shingo nyeusi hana siku ya kupandishwa kwenye mizani isipokuwa apatwe na kikohozi. Shule zetu, ambazo hutoza karo kwa kila jambo kuanzia kompyuta hadi kuogelea, zingeweza kumpima mara moja kila muhula na kumwandikia mzazi matokeo katika lugha anayoielewa.