Mbwa Anapojikuna Usiku Kucha

Katika nyumba nyingi mbwa ndiye mlinzi wa usiku. Hulala mlangoni, huwasindikiza watoto, na akibweka kila mtu hujua kuna mgeni. Lakini siku mbwa huyo huyo anapoanza kujikuna, kujiuma na kung'oka manyoya, heshima yake hushuka. Watoto hukatazwa kumgusa, majirani hushauri afukuzwe, na mama ndiye anayeulizwa: "Sasa tumfanye nini?"

Wengi hukimbilia dawa yoyote iliyo karibu. Mbwa hupakwa oili chafu ya gari au mafuta ya taa, au huogeshwa kwa dawa ya kupe wa ng'ombe. Baada ya wiki mbili anajikuna tena, na sasa ana vidonda. Kumbuka, mama mwenzangu, kujikuna ni dalili, si ugonjwa. Tafuta kwanza kinachomwasha.

ANZA KWA KUTAZAMA

Mweke mbwa mahali penye mwanga, vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kisha fungua manyoya yake polepole. Jiulize: anajikuna wapi hasa? Mahali anapojikuna patakuambia mengi.

Kiunoni na kwenye shina la mkia: Hapa mshukiwa wa kwanza ni kiroboto. Usipomwona, usikate tamaa, kwa maana ana mbio sana. Mchane mbwa kwa kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Zikianguka punje nyeusi zikatoa rangi ya wekundu kama kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako. Mbwa wengine hudhurika na mate ya kiroboto, hata kuumwa mara chache tu huwawasha kwa siku nyingi.

Ncha za masikio, viwiko na tumbo: Muwasho ukiwa mkali sana, na ngozi ina magamba, huenda ni upele. Huletwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaochimba ndani ya ngozi. Sugua ncha ya sikio lake kwa vidole. Mbwa mwenye upele mara nyingi huanza kurusha mguu wa nyuma kana kwamba anajikuna.

Kuzunguka macho na mdomo: Mtoto wa mbwa akinyonyoka manyoya sehemu hizi bila kuwashwa sana, huenda ana ukurutu wa aina nyingine, usioambukiza watu.

Mabaka ya duara yasiyo na manyoya: Hii inaweza kuwa choa, ambayo huambukiza watoto.

Nyayo, kwapa na ndani ya masikio: Mbwa anayelamba nyayo kila mara huenda ana mzio wa vumbi, chavua za majani au chakula. Lakini tazama pia kati ya vidole. Kwenye sehemu zenye funza, mbwa nao huingiwa na funza miguuni, kisha mayai huangukia uani wanapocheza watoto.

NUSU YA TIBA IKO SAKAFUNI

Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni wachache. Kati ya 100, takriban 95 bado ni mayai, viluwiluwi na vifukofuko vilivyojificha katika tandiko lake, nyufa za sakafu, mikeka na mchanga wa kivulini. Jike mmoja aweza kutaga mayai 40 kwa siku. Katika miji ya joto na unyevu kama Mombasa na Dar es Salaam, huzaana mwaka mzima. Ndiyo sababu mbwa aliyeogeshwa asubuhi hurudi kujikuna baada ya siku chache.

Kwa hiyo, fua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki na uyaanike juani. Fagia pembe zote, na uchafu huo uchomwe. Mbwa na paka wote wa nyumbani watibiwe siku moja, na kazi hii iendelee kwa miezi 3 angalau, kwa maana vifukofuko hukaa muda mrefu kabla ya kuanguliwa.

DAWA GANI?

Daktari wa mifugo akikwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini, mara nyingi huweza kutambua tatizo. Siku hizi kuna matone ya kupaka shingoni, na vidonge vinavyoua viroboto na kupe, vingine hata wadudu wa upele. Mweleze daktari kama mbwa amewahi kushikwa na kifafa, maana baadhi ya vidonge hivyo havimfai. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo usikisie.

Epuka haya:

• Oili chafu na mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na mbwa akijilamba humeza sumu.

• Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia.

• Sindano ya minyoo ya ng'ombe yenye ivermektini. Mbwa wa jamii ya Collie na machotara wao wanaweza kupooza au kufa.

• Dawa ya mbwa yenye permethrini kwa paka. Inaweza kumwua.

• Vidonge vya maumivu vya binadamu.

KAMA NI CHAKULA

Wengi hudhani chakula kinachodhuru ni kile kipya. Kwa kawaida ni kile alichokula kwa muda mrefu, mara nyingi nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa au ngano. Baada ya kuhakikisha hakuna viroboto wala upele, mpe kwa wiki 8 chakula ambacho hajakizoea, kwa mfano viazi na samaki, bila vitunguu, ambavyo ni sumu kwake. Watoto wasimtupie makombo. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi, umempata adui.

KUMPUNGUZIA ADHA

Wakati dawa inafanya kazi, mwogeshe kwa maji ya baridi kiasi na shampuu ya mbwa. Iache povu mwilini dakika 10, kisha suuza vizuri. Maji ya moto na sabuni ya unga huzidisha ukavu na muwasho. Vidonda visafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Asipoacha kujilamba, toboa kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, lainisha kingo, na umvalishe shingoni.

Mwenye upele anaweza kuendelea kuwashwa kwa wiki kadhaa hata baada ya wadudu kufa. Usiongeze dawa kwa haraka. Lakini akinuka, akitoa usaha, akikataa chakula au akipata homa, mpeleke kwa daktari mara moja.

NA WATOTO JE?

Upele wa mbwa unaweza kumletea mtoto vipele vya kuwasha, ingawa wadudu hao hawadumu katika ngozi ya mtu. Kiroboto naye, mtoto akimmeza kwa bahati mbaya, aweza kumwachia minyoo tegu. Wafundishe wanao kunawa mikono baada ya kucheza na mbwa, wala asilale kitandani mwao. Huhitaji kumfukuza mlinzi wa nyumba yako. Leo jioni, kabla hujanunua dawa yoyote, chukua kitana na karatasi nyeupe, ukamtazame.