Tezi ya Shingo Ikifanya Kazi Kupita Kiasi

Mbele ya shingo, chini ya koromeo, iko tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Waganga huiita tiroidi. Hutia katika damu kitu kinachouamuru mwili uende mbio au polepole. Ni kama mtu anayetia kuni jikoni. Akizidisha kuni, chungu hufurika na chakula huungua.

DALILI ZAKE. Moyo hupiga mbio hata mtu akiwa ameketi. Mikono hutetemeka. Jasho humtoka wakati wengine wanasikia baridi. Anakula sana, lakini anakonda. Usingizi hupotea, na hasira huja upesi. Wengine macho yao hutokeza mbele. Jirani husema, "Amerogwa." Sivyo! Ni tezi, nayo hujulikana kwa kupima damu. Kuomba ni vema, na kumeza dawa ni vema. Moja halizuii lingine. Ugonjwa huu ukiachwa, moyo huchoka, mimba huweza kutoka, na mtu huweza kufa.

UNATOKA WAPI? Mara nyingi ni ugonjwa wa Basedow, ulioitwa kwa jina la mganga Mjerumani aliyeueleza mwaka 1840. Hapo mwili wenyewe huichochea tezi bila sababu. Lakini kwetu Kivu iko njia nyingine. Udongo wa milima yetu una iodini kidogo, kwa hiyo watu wengi wameota rovu. Mwaka 1996 waganga waliandika habari za watu wa Kivu ambao tezi zao zilianza kwenda mbio baada ya chumvi yenye iodini kufika. Rovu la zamani lenye vinundu lilikuwa limezoea njaa. Lilipopata iodini, lilizidisha kazi. Je, tuache chumvi hiyo? Hapana. Inawalinda watoto wetu tumboni wasizaliwe na akili iliyodumaa. Lakini mwenye rovu ambaye moyo wake umeanza kwenda mbio, aende kupimwa.

NJIA TATU ZA KUTIBIWA.

1. Vidonge. Karbimazoli huipunguza kazi ya tezi. Mwenye Basedow huvimeza kila siku, kwa kawaida mwaka mmoja hata mwaka na nusu. Wengi hupona, lakini kwa wengi pia ugonjwa hurudi. Mwenye rovu la vinundu hutulia akivimeza, lakini akiacha, ugonjwa hurudi. Angalia: ukipata homa, au koo kuuma, au vidonda kinywani, usimeze tena, nenda siku hiyo hiyo kupimwa damu.

2. Kupasuliwa. Mganga hukata tezi. Hufaa kwa rovu kubwa linalobana pumzi. Lakini kwanza vidonge vitulize mwili. Mkono wa mganga uwe umezoea, maana karibu na tezi upo mshipa wa sauti.

3. Iodini yenye miali. Mgonjwa huimeza, tezi huivuta, na miali huiharibu polepole. Hupatikana katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam. Mwenye mimba au anayenyonyesha asipewe kamwe.

Baada ya njia ya pili au ya tatu, mara nyingi tezi haitoshi tena, na mtu humeza kidonge kingine kila siku maisha yake yote.

NICHAGUE IPI? Usiulize tu, "Ipi ina nguvu?" Uliza, "Ipi nitaweza kuimaliza?" Tufikiri mama wa Mutarule. Je, atapata vidonge kila mwezi huko Uvira, hata mvua ikiharibu barabara? Kama sivyo, kupasuliwa Bukavu huenda kukamfaa zaidi. Lakini baadaye atahitaji kidonge chake cha kila siku, na hicho pia kitoke mahali fulani. Je, anataka kuzaa? Amwambie mganga mapema, maana dawa hubadilishwa wakati wa mimba. Mume na wakubwa wa jamaa wakae naye wahesabu fedha na safari kabla ya kuanza.

Tena, usiache vidonge kwa sababu umenenepa na unalala vizuri. Hiyo ni alama kwamba dawa inafanya kazi, si kwamba imemaliza kazi. Anayeamua siku ya kuacha ni mganga, baada ya kupima damu.