Tuijue Bia (Sehemu ya Pili): Moto Unaoamua Ladha

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi shayiri inavyolowekwa, ikachipua na kuwa kimea. Leo tunaingia hatua ya kukikausha kimea hicho kwa moto. Hapo ndipo inapoamuliwa bia itakuwa na rangi gani na itakaa vizuri na chakula gani. Mfano wetu ni Eliot Ness, laga ya rangi ya kaharabu inayotengenezwa na kiwanda cha Great Lakes mjini Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani.

Asili ya bia za namna hii ni Austria. Mwaka 1833 Anton Dreher, aliyetoka katika ukoo wa wapika bia karibu na Vienna, alizuru Uingereza pamoja na Gabriel Sedlmayr wa Munich. Wenyeji wao walikwisha kuwa mabingwa wa kukausha kimea kwa hewa ya moto bila kukiunguza wala kukitia moshi. Dreher alirudi na ujuzi huo, akautumia pamoja na chachu ya laga, na mwaka 1841 akatoa bia yake huko Schwechat. Hadi leo kimea cha aina hiyo huitwa kimea cha Vienna.

Kimea kikipata joto la kutosha, sukari na vijenzi vya protini vilivyomo hushikana na kuzaa rangi ya hudhurungi na harufu ya ganda la mkate. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Ndilo hilo hilo linaloipa nyama rangi na harufu ikiwa juu ya makaa. Chachu ya laga nayo hufanya kazi kwenye ubaridi, takriban nyuzijoto 8 hadi 12, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri. Kwa kuwa chachu hiyo haitoi harufu nyingi za matunda, kimea ndicho kinachosikika.

Katika karne ya 20 mtindo huu ulififia kwao Austria, lakini ukaendelea kuishi Mexico. Viwanda vidogo vya Marekani vikaufufua kuanzia miaka ya 1980. Great Lakes kilianzishwa mwaka 1988 na ndugu wawili, Patrick na Daniel Conway. Bia yao ina jina la ofisa aliyepambana na genge la Al Capone mjini Chicago wakati pombe ilipopigwa marufuku, kisha akawa mkurugenzi wa usalama wa Cleveland tangu 1935 hadi 1942.

Hatua chache kutoka kiwandani lipo soko la West Side Market, lililofunguliwa mwaka 1912, ambako wachinjaji huuza soseji za kila aina. Chakula changu cha jioni kilikuwa soseji za nguruwe zilizochomwa hadi ngozi ikapasuka, vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa vyekundu, na viazi vya kuchemsha. Bia niliitoa kwenye friji mapema kidogo, maana ubaridi mkali huua harufu, na bia hii hunoga kwenye nyuzi 7 hadi 10. Katika glasi ilikuwa nyekundu yenye kung'aa, na povu lake lilikuwa na weupe wa maziwa. Harufu ilikuwa ya mkate uliookwa. Funda la kwanza lilianza na utamu wa kimea, likamalizikia kwenye uchungu mdogo wa hopsi.

Baada ya tonge la soseji, utamu ule ulishikana na sehemu zilizobabuka, na uchungu pamoja na gesi vikakata mafuta mdomoni, hamu ya kula ikarudi upya. Vitunguu ndivyo vilivyopatana nayo kuliko vyote.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata laga ya kaharabu, iandalie chakula kilichochomwa, kilichookwa au kukaangwa. Samaki wa kuchemsha itamfunika. Pilipili nayo itie kiasi, kwa sababu kilevi huzidisha ukali wake, na bia hii ina asilimia 6.1, juu ya laga nyingi za kawaida. Glasi moja ya kunywa polepole inatosha mlo mzima.

Wiki ijayo tutaeleza hopsi na kazi yake.