Kiima cha Kosa Ni Nani?

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii ilinijia siku askari wa trafiki aliponisimamisha katika kituo kimoja cha biashara, hatua chache tu kutoka lango la shule ya msingi. Kifaa chake cha kupimia mwendo kilionyesha kilomita 63 kwa saa, ilhali mahali kama hapo sheria hairuhusu zaidi ya 50. Nilijitetea upesi: "Afande, gari lilikuwa likiteremka." Tuliposalia wawili, mwanafunzi niliyekuwa nimempakia aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kiima cha sentensi ile ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi ninayefundisha sarufi nilikuwa nimejiondoa katika sentensi yangu mwenyewe na kulitwika gari kosa. Wala si mimi pekee. Sikiliza, ewe msomaji, lugha yetu ya barabarani: gari lilipoteza mwelekeo, breki zilikataa, nimeshikwa na polisi. Dereva ama hayumo, ama yumo kama mtendwa. Na mambo yakiharibika kabisa, twahitimisha kwamba ajali haina kinga.

Kasi ina kinga, nayo ni mguu wa dereva. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hupita takriban mita 14 kila sekunde. Kwa 63, mita 17 na nusu. Mita hizo tatu na ushei huliwa kabla mguu haujagusa breki, na huenda ndizo zilizokuwa zimebaki baina ya gari na mtoto anayevuka.

Sidai kwamba kila anayeshtakiwa akubali tu. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kifaa kina hitilafu, au gari lililopimwa ni la mwingine, mtu ana haki ya kwenda mahakamani, na huko ni kuutetea ukweli. Lakini kujua fika kwamba ulikwenda mbio, kisha ukatafuta herufi iliyokosewa katika jina lako ili uponyoke, au ukamtilia askari kitu kidogo mkononi, huko ni kuukimbia.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinatoza shilingi 3,000 kwa anayezidisha mwendo kwa kilomita 11 hadi 15. Nililipa, na iliniuma.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akichelewa darasani hatumkubalii aseme kwamba saa ilikwenda mbio. Twamtaka aseme, "Nimechelewa." Basi nasi tukisimamishwa barabarani kwa haki, tusilisingizie gari wala mteremko. Tuseme, "Niliendesha kwa kasi." Kiambishi cha nafsi ya kwanza ni silabi moja tu, lakini bila hiyo hatujakiri lolote.