Kaa Siti ya Nyuma Kwanza

Wasee wengi wakienda kucheki ndai ya familia wanaingianga mbele moja kwa moja. Wanashika usukani, wanawasha redio, na roho inaisha hapo hapo. Hata mimi nilifanya hivo. Mtoi wetu alikuwa na miezi 7, na mresh wangu alikuwa amebeba kiti yake ya gari kutoka keja Umoja mpaka yadi ya Ngong Road. Nikamwuliza ya nini na tunaenda tu kucheki. Akanyamaza.

Tulipofika kwa hiyo ndai nilikuwa nimependa kwa picha wiki mzima, akafungua mlango ya nyuma, akafunga kiti ikiangalia nyuma venye mtoi wa hiyo miezi anafaa kukaa, halafu akaniambia nikae mbele kando ya dere. Siti ilikuwa imesukumwa mbele kuachia kiti ya mtoi nafasi, na magoti zangu zikagonga dashibodi. Hapo ndio niliona nimekuwa nikitafutia msee mmoja ndai, na sisi ni watatu.

So maze, kabla uulize bei, ingia nyuma. Tafuta zile pete za chuma za ISOFIX katikati ya mgongo na makalio ya siti, zishike na mkono yako. Beba kiti ya mtoi, beba na kigari chake, kiingie buti ukiona. RAV4 za ile modeli ilitoka 2005, mlango ya buti inafungukanga kando, haiendi juu, na ka unaishi ploti yenye magari zimebanana ka viberiti, hiyo mlango itakukatalia kila jioni na shopping mkononi. Vanguard nayo kuna za siti 7, na najua vile inavutia ukifikiria shosh na msichana wa kazi. Lakini hiyo laini ya tatu ni ya watoi, na ikiinuliwa buti inaisha.

Ganji yetu ilikuwa mita moja na nusu, kila kitu ndani. Kutoa SUV Japan na hiyo ilikuwa ndoto. Tangu 2023 ushuru ya forodha ni asilimia 35, juu yake kuna ushuru ya bidhaa ya asilimia 25 ka injini imepita 1500 cc, halafu VAT ya 16, na kila moja inahesabiwa juu ya ile imetangulia. So tukarudi kwa ndai zenye zimetumika hapa hapa, na hapo kuna kitu inachanganya wengi: namba ya gari. Broka atakwambia "hii ni KDA" ka ni umri ya ndai. KDA zilianza kutoka 2020, na hiyo mwaka sheria ya miaka 8 ya ndai za kuimport ilikuwa inaruhusu ya 2013. Namba inakuambia ilisajiliwa Kenya lini. Umri uko kwa logibuku.

Yenye ningetaka kila mzazi mchanga ajue ni giaboksi, juu hapo ndio mkwanja ya fizi inamezwanga. X-Trail nyingi za 2007 mpaka 2013 ziko na CVT. Ni ndai tamu, iko na nafasi, lakini hiyo giaboksi inataka mafuta yake kamili na ibadilishwe mapema. Ipeleke mlima, kanyaga pole pole. Ka injini inalia na ndai haisongi, shukuru, mrudishie msee kifunguo. CX-5 ina gia za kawaida, 6, na mimi naiheshimu. Lakini ile ya dizeli inakuwanga na chujio ya masizi kwa ekzosi, na hiyo inajisafisha tu ikipata joto ya safari ndefu. Ka maisha yako ni Umoja, town, kliniki, Umoja, kwa jam, itaziba. Chukua ya petroli.

Forester za kabla ya mwisho wa 2010, zenye si chache kwa mtaa, zinatumia beti ya taiming, na hiyo ikikatika injini imeenda nayo. Za baada ya hapo, zile hazina turbo, zina cheni. Uliza fundi akuonyeshe ni gani. Na huyo fundi awe wako, alipwe na wewe, si yule anakaa kwa yadi.

Nenda asubuhi na umwambie mwenye gari asiiwashe. Guza boneti. Ka iko moto, amekuficha vile inawaka ikiwa baridi. Vuta mshipi ya siti mpaka mwisho, ucheki ka kuna laini ya matope huko ndani, juu ndai yenye iliingia kwa maji haiachi kukusumbua. Halafu washa kifunguo bila kuanzisha injini: taa ya eabegi inafaa iwake, halafu izime. Ka haiwaki kabisa, kuna mtu ameitoa ama ameifunga, na hiyo ni kifua ya bibi yako anacheza nayo. Kwa hiyo moja sibembelezi mtu bei. Natoka tu.

Mambo ya karatasi ni fupi: toa rekodi ya gari ya NTSA kwa eCitizen mwenyewe, ucheki jina na ka benki bado inaidai, kabla utume hata soo.

Tuliishia na Forester ya 2012, ya cheni, gia 4 za kawaida, haina turbo, haina kioo ya juu. Rangi ni ya majivu na hakuna mtu aligeuka kuiangalia mtaani. Ilitoka na mita moja na 280. Ile 220 ilibaki ikaingia kwa bima, taya nne na shoki za nyuma, zenye fundi alipata Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Disemba tukashika njia ya ocha, Bungoma. Kupanda Timboroa mvua ilikuwa inanyesha, mresh amekaa nyuma na mtoi, miguu amenyoosha, na wote wawili walikuwa wamelala.